Mfereji wa Mzee Mbarouk

Siku Mzee Mbarouk Pandu alipozikwa, mwanawe mkubwa, Kheir, alisimama ukingoni mwa kaburi, udongo ungali mikononi, akasema maneno ambayo kila mtoto wa kiume wa Unguja anajua kuwa siku moja yatamfikia. Alisema mwenye kumdai baba yake, deni dogo au kubwa, aje kwake yeye, na mwenye kuweza kusamehe asamehe. Watu wakajibu kwa pamoja kuwa wameshasamehe, ikasomwa fatiha, wakarudi mjini. Mzee Mbarouk alikuwa fundi wa majiko ya mafuta, mtu wa kukopesha zaidi kuliko kukopa, na hakuna aliyekuja kudai. Kheir aliamini kwamba baba yake amekwenda mwepesi.

Marehemu aliacha nyumba Kiponda, ambayo warithi hawajaigawa mpaka leo, mjane wake Bi Mayasa, watoto watatu na mfereji mmoja. Nyumba na urithi tuviache hapo vilipo. Kisa hiki ni cha mfereji.

Ulikuwa bomba la maji ya kunywa, ukutani kwa nje, pembeni ya baraza, kwenye ujia mwembamba ambao watu wawili wanene hawapishani bila ya kuombana radhi. Mzee Mbarouk aliutia uwe sadaka ya maji ya bure kwa ajili ya mama yake, Bi Mashavu, mzaliwa wa kisiwa cha Tumbatu, aliyekulia zama ambazo maji matamu yalikuwa ya kuvushwa, na mtoto aliyemwaga kata moja alichapwa. Juu ya mfereji aliweka kibao cha saruji, na kabla saruji haijakauka akaandika kwa msumari: SABILI. MUOMBEENI BI MASHAVU. Wachukuzi wa sokoni, wauza kahawa, watoto wa chuo cha Kurani na wapita njia wote walikunywa pale, na aliyekunywa alisema, "Mungu amrehemu," akaenda zake. Wa Kiponda waliotoka kuzika walinawa udongo pale kabla ya kukaa matangani. Mzee mwenyewe alipokuwa anakata roho hakuusia nyumba wala vyombo. Aliusia mfereji usifungwe. Baada ya kufa kwake watu wakaongeza jina lake kwenye ile dua bila ya kuambiwa na mtu.

Kheir alikuwa afisa wa ofisi ya maji, na kazi yake ilikuwa kuwaambia watu jambo wasilotaka kulisikia. Ada za maji zitapanda, na ya maji machafu nayo itatozwa, mpaka zifike pale zinapolipa gharama. Alizunguka shehia baada ya shehia akieleza. Pampu zinakula umeme, na umeme haulipwi kwa dua. Mabomba ya maji machafu ya Mji Mkongwe yamechakaa, mengine yamezibwa na mizizi, na kila masika makaro, mashimo ya maji machafu, yanafurika vichochoroni, watu wanakwenda msikitini wakiruka ruka kama wanaruka kamba. Magari ya kunyonya makaro yanataka mafuta na vipuri. Visima vya zamani vya mjini vimeshaingiwa na uchafu, na hilo alilisema kwa mkazo kila mahali: maji ya visima vya mjini msinywe.

Na alikuwa akiyaamini anayoyasema. Yeye na mkewe walikaa ghorofa ya juu Michenzani, na miaka mizima walipandisha ndoo kwa ngazi kwa sababu maji hayakuwa na nguvu ya kufika kwao. Aliwaona mafundi wakikaa kando ya pampu nzima kwa sababu umeme umekatwa. Alichukia kusikia mtu akisema maji ni ya Mungu, kana kwamba Mungu ndiye aliyetandaza mabomba. Kwenye kamati iliyopanga ada mpya ndiye aliyesema wazi kuwa asisamehewe mtu, na alipoulizwa kuhusu mifereji ya sabili akasema nayo itiwe mita. Sababu alikuwa nayo. Aliwajua wenye nyumba za wageni waliokuwa wakijaza matangi yao kwa mpira kutoka kwenye sabili za watu.

Mkutano wa Kiponda ulifanyika uwanjani, nyuma ya msikiti. Watu wa Mji Mkongwe wana tabia ya kukusikiliza kwa adabu kamili na wasikukubalie hata neno moja. Mwisho akasimama Mzee Usi, jirani wa nyumba ya pili, aliyekuwa rafiki wa marehemu, akauliza kwa upole: na sabili je?

"Sabili nayo inakunywa umeme, mzee wangu," alijibu Kheir.

Watu wakacheka kidogo, cheko la kumtoa kijana wao aibuni. Mzee Usi hakucheka. Alishukuru kwa kujibiwa, akakaa.

Mita ikatiwa. Mafundi waliifunga ndani ya kisanduku cha chuma chini ya baraza, moja tu kwa nyumba na sabili pamoja, kila upande na koki yake. Akaunti ilikuwa bado kwa jina la marehemu, na hapo ndipo Kheir alipokosea. Kulibadilisha jina lilikuwa jambo la asubuhi moja, tena mwenyewe yumo ofisini. Lakini nyumba ya urithi haiguswi ovyo. Leo ubadilishe jina kwenye maji, kesho ndugu aliyeko Maskati atapigiwa simu, na kesho kutwa itakuwa Kheir anataka kuila nyumba peke yake. Kwa hiyo akaliacha, kama wanavyoliacha watu wengi wa mji huu, na maiti wa Mji Mkongwe wanaendelea kupokea bili.

Ya kwanza ilipokuja, Bi Mayasa alimpa Tabia, bintiye mdogo aliyekuwa akikaa naye, amsomee. Tabia akasoma kama ilivyoandikwa, kwamba ndugu Mbarouk Pandu anadaiwa na anatakiwa alipe. Bi Mayasa akaomba isomwe tena. Kisha akaagiza Kheir aitwe.

Kheir alifika baada ya alasiri, bado na shati la kazini. Hakukuwa na kahawa mezani, na kwa nyumba ile hiyo ilikuwa habari tosha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa." Akamsogezea ile karatasi. "Babaako anadaiwa?"

"Si yeye, mama. Ni akaunti."

"Jina lililoandikwa la nani?"

"Lake."

"Basi anadaiwa yeye. Si wewe uliyesimama kaburini ukasema mwenye kumdai aje kwako?"

"Nilisema."

"Washakuja."

Alitaka kucheka, akamtazama mama yake usoni, kicheko kikamkauka. Roho ya maiti hufungwa na deni lake mpaka lilipwe. Bi Mayasa alifundishwa hivyo chuoni angali mtoto, na Kheir naye vilevile. Kesho yake alilipa kabla hajafungua mlango wa ofisi yake, akampelekea mama risiti, na mama akaiweka ndani ya msahafu.

Bili iliyofuata ilikuja kubwa zaidi, na Kheir alijua kwa nini. Ukuta kwa ukuta na nyumba yao palikuwa na nyumba ya wageni ya mtu anayeitwa Haitham, na kila alfajiri mpira ulitoka dirishani mwake ukaja kwenye mfereji. Wazungu wakaoga vizuri, Mzee Mbarouk akadaiwa. Kheir akaenda kuzungumza naye kistaarabu. Haitham alimkaribisha sahani ya haluwa, akamsikiliza, kisha akamwambia maneno yaliyomkaa kooni muda mrefu.

"Kama unauza, niambie bei, ntanunua. Lakini kama ni sabili, huwezi kuniuliza nimechota kiasi gani."

Baya zaidi ni kuwa Kheir aliona mtu yule ana haki. Akarudi kwa mama yake na shauri jengine: watu wa ujia ule wachange, kila nyumba kidogo, na Haitham atoe zaidi. Bi Mayasa alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Ukishachangisha si sadaka ya babaako tena, mwanangu. Ni duka."

Kheir akamwambia basi mfereji ufunguliwe asubuhi tu. Mama akamuuliza baba yake alimwambia nini. Kheir akajibu kuwa alisema usifungwe. Bi Mayasa akaendelea kupepeta, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alirudi Michenzani kwa miguu akiwa na hasira, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumkasirikia, alimkasirikia marehemu, kisha akaona haya. Kuiomba ofisi isamehe sabili asingeweza. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema asisamehewe mtu, na mbele ya wenzake wote. Leo akisema wasamehewe, wataambiana kuwa Kheir amekumbuka sadaka ilipofika mlangoni kwao. Na watakuwa wamesema kweli. Mshahara wake ulikuwa ule ule, na watoto wake walikuwa wanasoma. Alilipa, akanuna, akalipa tena.

Kisha jambo la ajabu likatokea: bili ikashuka. Ile iliyofuata ikashuka zaidi. Kheir alifurahi hata akamhadithia mkewe kwamba Haitham amejitia haya, kwamba watu wakielezwa wanaelewa, ni suala la subira tu. Siku ya pili akapita Kiponda kumwambia mama yake.

"Umeona, mama? Watu wakijua kitu kina gharama wanapunguza kutumia."

"Alhamdulillah," alisema Bi Mayasa, na akamtilia kahawa.

Masika yakaingia. Karo la ujia ule likafurika kama kawaida yake, lakini safari hii mafundi walifika siku ile ile na gari la kunyonya, kwa fedha za ada mpya, na Kheir alisimama pale na buti zake akiwaelekeza. Majirani walimpa mkono. Mzee Usi mwenyewe alimletea kikombe cha chai ya tangawizi. Kheir aliona kwamba mambo yameanza kukaa sawa, na ilikuwa furaha ya haki, kwa sababu ile kazi ilikuwa nzuri kweli.

Haikupita muda Bi Mayasa akaanza kuumwa tumbo. Alisema ni muhogo wa nazi umemkataa. Alipoanza kuharisha na kutapika hata kusimama hawezi, Tabia alimpigia simu kaka yake, wakamkimbiza hospitali. Daktari kijana aliwauliza maswali mengi huku akimtundikia maji ya mshipa, na moja lilikuwa: mgonjwa anakunywa maji ya wapi?

"Ya mfereji," Kheir alijibu kwa haraka. "Hayana wasiwasi. Mimi mwenyewe ni mtu wa maji."

Tabia aliinamisha uso. Daktari alipoondoka, Tabia alimvuta kaka yake mpaka ukumbini, penye benchi la wanaosubiri, na pale akamwambia kwamba mama hajanywa maji ya mfereji tangu ile bili iliyokuja kubwa. Alikifunua kisima cha uani, kile kilichofunikwa kabla Tabia hajazaliwa, akanunua kamba na ndoo ndogo. Anakunywa ya kisima, anapikia ya kisima, anafulia ya kisima. Alipiga hesabu zake: nyumba ikiacha kutumia, kitakacholipiwa ni sabili peke yake, na Kheir atapumua.

"Na wewe?" aliuliza Kheir.

"Mimi akinijazia mtungi wa mfereji. Alisema mie bado kijana." Tabia akaanza kulia. "Kaniapisha nisikwambie, kaka. Kaniwekea msahafu."

Kheir alikaa kwenye benchi, akalia mbele za watu, na hakujali anayemtazama. Alikumbuka ile kahawa. Aliinywa akisifu bili ilivyoshuka, na mama yake akasema alhamdulillah. Karo la ujia halikuwa mbali na kisima kile, na kwenye mikutano yote ile, shehia zote zile, alikuwa amewaonya watu wa kila nyumba isipokuwa ya kwao.

Huzuni ilipompungua ikaja hasira, na safari hii ilipata pa kwenda. Madhali mfereji upo wazi, mama atarudi kwenye kisima. Atatoka hospitali, atamuahidi, na siku ya tatu atashusha ndoo. Alimjua. Akapita ofisini akachukua spana na kufuli, akaenda Kiponda moja kwa moja. Alifungua kisanduku cha mita, akaiacha koki ya nyumba, akaikaza ile ya sabili mpaka ikalia, kisha akatia kufuli. Mzee Usi alikuwa barazani kwake. Akamuuliza hali ya mgonjwa, Kheir akasema anaendelea. Akamuuliza na hapo anafanya nini.

"Matengenezo kidogo," alisema Kheir.

Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza tangu mfereji ule uwekwe kukauka kwa mkono wa mtu wa nyumba ile. Alijua anachokifanya. Alijiambia kuwa baba atamwelewa, kwamba usia wa maiti hauwezi kuwa mzito kuliko roho ya mtu aliye hai, na mpaka leo hakuna aliyemwambia kuwa alifikiri vibaya. Lakini aliondoka pale kwa haraka, hakutaka kumkuta mtu anayekuja na kata.

Jioni alimkuta mama yake macho, midomo imekauka. Alimlowesha kwa kitambaa. Bi Mayasa akamwambia ainame.

"Mfereji upo wazi?"

Kheir alimtazama Tabia, kisha akamtazama mama yake.

"Upo wazi, mama."

"Watu wanakunywa?"

"Wanakunywa."

"Basi babaako hajambo," alisema Bi Mayasa, akafumba macho kwa raha, kama mtu aliyevua viatu.

Alifariki siku ya pili yake, kabla ya adhuhuri. Daktari alisema umri, alisema sukari, alisema walichelewa. Alikuwa muungwana, na maji hakuyataja tena.

Walimzika baada ya alasiri, Mwanakwerekwe, kando ya mumewe. Kheir alishuka kaburini mwenyewe, akampokea mama yake mikononi, akamlaza. Udongo ulikuwa umeshiba mvua, ukawaganda watu mpaka viwikoni. Alipopanda juu, watu wakamsubiri aseme yale maneno. Akayasema. Mwenye kumdai mama yake, deni dogo au kubwa, aje kwake yeye.

"Tushamsamehe," walisema watu wote, hata Haitham.

Kheir alisimama pale akiwa hajui aangalie wapi. Katika halaiki yote ile hakuwepo hata mtu mmoja aliyekuwa akimdai Bi Mayasa chochote. Kama palikuwa na wa kudaiwa, ni yule aliyekuwa anauliza.

Wakarudi Kiponda kwa mabasi, mikono yao na kanzu zao zote udongo, kwa kuwa hakuna aliyehangaika kutafuta maji makaburini. Kila mtu alijua atanawa wapi. Walijipanga kwenye ujia, wanaume tele, kimya, mgongo kwa ukuta. Kheir alikuwa nyuma kabisa, na mpaka anauona mfereji alikuwa ameisahau ile kufuli. Ufunguo ulikuwa kwenye suruali ya kazi, Michenzani.

Mzee Usi ndiye aliyekuwa wa mwanzo. Akazungusha, hakikutoka kitu. Akazungusha mpaka mwisho, akagonga bomba kwa kiganja chenye udongo. Mtu mmoja nyuma akasema maji yamekatika. Lakini ndani, kwa wanawake, ilisikika wazi ndoo ikijazwa na mtu akisema yatosha. Mzee Usi akainama polepole, akatazama chini ya baraza, akaiona kufuli mpya. Kisha akainua macho, akayatafuta ya Kheir juu ya vichwa vya watu, na hakuna lolote baya alilomwambia.

"Twendeni msikitini, jamaa," alisema. "Tutanawa huko."

Wakampita mmoja mmoja. Ujia ni mwembamba, kwa hiyo kila mmoja ilibidi amsogelee, na kila mmoja alimwambia Mungu ampe subira. Hawakumpa mkono kwa ajili ya udongo. Haitham alipita akiwa ameinamisha kichwa. Mara ujia ukawa mtupu, akabaki Kheir na mfereji na kile kibao chenye jina la bibi yake, na udongo wa mama yake ukimkaukia vidoleni.

Tabia akatoka ndani na ndoo ndogo yenye kamba, na kata.

"Nyoosha mikono, kaka."

"Ya wapi hayo?"

"Ya kisima. Ya ndani wanapikia."

Alinyoosha mikono. Tabia akamiminia taratibu, kata baada ya kata, na maji ya udongo yakatiririka chini ya kibao, yakashuka kuelekea kwenye karo. Kheir alinawa mpaka ndoo ikaisha, na Tabia akaenda kuteka mengine.